Mashua ya Makapteni

Luteni Peake alileta ratiba ya kuondoka kwa Admirali wakati wa kifungua kinywa, na mke wa Admirali, Hester Tresidder, akaisoma haraka haraka akitafuta jambo moja tu. Gwaride lilikuwemo. Mizinga ya heshima ilikuwemo. Gari la kuwapeleka uwanja wa ndege lilikuwemo, hata na jina la dereva. Lakini pale paliposema Admirali atashuka kutoka manowari kuu na kuletwa gatini Valletta, Malta, haikuandikwa ataletwa na nini wala na nani.

"Hapa umesahau kitu," alisema, ingawa alijua fika kwamba kijana hakusahau.

Peake alikuwa msaidizi wa Admirali kwa mwaka mzima, na kila alipobanwa alikuwa na tabia ya kuvuta kola ya shati. Akaivuta. "Hapana, Bibi. Pale huwa hapaandikwi."

"Motaboti itakuwepo?"

"Itakuwepo, Bibi. Na mashua itakuwepo. Tumeipaka rangi upya, imependeza kweli."

"Sikukuuliza habari ya rangi, Peake."

"Mwache mtoto wa watu ale," ilisema sauti ya mumewe nyuma ya gazeti. "Kaa, Peake. Kuna mayai, kuna nyama ya nguruwe, na kuna mke wangu. Anza na mayai, hayaumi."

Peake akacheka kwa adabu. Hester hakucheka. Alikuwa akilitazama lile gazeti, ambalo halikufunuliwa ukurasa tangu chai ilipomiminwa.

Desturi yenyewe haikuwa kwenye kanuni yoyote ya wanamaji wa Uingereza. Admirali aliyeongoza manowari anapoaga, makapteni wake huvua panga zao, wakakaa kwenye mbao za mashua kama vibarua, na kumpigia makasia mpaka nchi kavu. Hakuna anayewaamuru, na wala hakuna anayewaomba. Thamani yake yote iko hapo. Admirali hupigiwa saluti na kila mtu maisha yake yote kwa sababu kila mtu analazimika. Siku hiyo moja hupewa kitu ambacho hakuna aliyelazimika kumpa. Ndiyo maana mwenyewe hajui mpaka anaposhuka ngazi za meli. Akiwakuta wamekaa, amewakuta. Asipowakuta, iko motaboti na vijana wake, naye hupanda, na wote waliopo hujifanya wanatazama mawingu.

Hester aliwahi kuyaona hayo ya mawingu. Miaka ya nyuma, walipokuwa Ceylon, admirali mmoja aitwaye Stukeley aliaga, na makapteni wake wote siku hiyo walikuwa na shughuli za haraka. Baadaye Hester alikwenda kumtembelea mzee huyo Uingereza. Ilikuwa mchana kweupe na mapazia yamefungwa. Stukeley alizungumzia mawaridi yake kwa muda mrefu, tena vizuri, mpaka Hester akaanza kuamini kwamba amepona. Kisha mkewe akamvuta jikoni kwa kisingizio cha keki, akamnong'oneza, "Kila asubuhi ananiuliza kama injini ya motaboti ilikuwa imeshawashwa kabla hajaanza kushuka ngazi, au iliwashwa baadaye. Kila asubuhi, Hester. Mimi ningejuaje?"

Maana kama injini iliwashwa kabla, basi kila mtu melini alijua isipokuwa yeye.

Na Everard Tresidder, tuseme ukweli, alikuwa na maadui wengi kuliko Stukeley mara kumi. Stukeley alikuwa mkorofi tu. Everard alikuwa mtu wa kugombaniwa. Wakati wa vita aliingiza manowari yake kwenye ukungu, kinyume cha amri, akatoa askari waliokuwa wamekwama ufukweni Ugiriki. Nusu ya nchi ikamwita shujaa, na nusu ya wakubwa wake wakamwita kichaa mwenye bahati. Wakampa nishani huku wamenuna. Baada ya vita alipelekwa huku na huku kushusha bendera ya Uingereza, India, Palestina, na kila aliporudi alikuwa mkimya zaidi. Halafu ikaja ile aibu ya Mfereji wa Suez. Wakubwa wengine walinyamaza. Everard alisimama kwenye karamu mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba wanamaji wa Uingereza katika bahari ile wanalinda nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Ilikuwa kweli. Ndilo lililowaudhi watu. Kule London wabunge walimwita msaliti. Hapa Malta wafanyakazi wa gudi, mahali pa kutengenezea meli, waliosikia ndani ya maneno yale kwamba kazi zao zinakwisha, walilitupia gari lake nyanya mbovu. Na makapteni wake waliacha kuja kunywa jini barazani kwake. Serikali ilimvumilia mpaka ilipohitaji mtu wa kuchagua manowari za kuvunjwa, ikampa yeye kazi hiyo, na alipoimaliza ikamstaafisha mapema. Alitumiwa, na Hester hakuwa mtu wa kuficha kwamba alitumiwa. Alilisema hadharani hata pale mumewe alipomkanyaga mguu chini ya meza.

Peake alipomaliza mayai na kuondoka, Everard alikunja gazeti.

"Usianze," alisema.

"Sijasema neno."

"Uso wako unasema. Hester, mimi sijali nikienda gatini kwa mashua, kwa motaboti, au kwa beseni la kuogea."

"Najua hujali."

"Basi."

Lakini Hester alipopita nje ya chumba baadaye kidogo, kupitia mlango ulioachwa wazi, alimwona amesimama mbele ya kioo akivaa glavu zake nyeupe za sherehe. Alizivaa taratibu, akazivua, akazivaa tena. Hester akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Alijua sasa kwamba asipofanya jambo ataishi uzeeni ndani ya nyumba yenye mapazia yaliyofungwa mchana.

Yote yalimtegemea mtu mmoja. Zamani makapteni waligombania nafasi kwenye mashua, wengine wakabaki nje wamekasirika. Sasa manowari zilikuwa zimepungua hata kila kapteni aliyebaki alihitajika, na mkubwa wao alikuwa Denzil Rudge. Kapteni mkubwa ndiye hukaa kwenye kasia la kiongozi, karibu kabisa na tezi, yaani nyuma ya mashua, uso kwa uso na admirali, na wengine wote hufuata mpigo wake. Rudge akienda, wataenda. Rudge akisema ana shughuli ya haraka, wote watakuwa na shughuli za haraka.

Na Rudge alikuwa na sababu. Aliingia manowari *Lanyon* akiwa kijana asiyeota ndevu, akapigana vita ndani yake, na mwishowe akawa kapteni wake. Everard alipoambiwa achague meli za kuvunjwa, *Lanyon* ndiyo aliyoiweka ya kwanza, kwa kuwa injini zake zilikuwa kuukuu kuliko zote. Hakumwita Rudge kumwambia. Rudge alisoma gazetini, mezani, mbele ya maofisa wake. Sasa alikuwa anaongoza kambi ya wanamaji nchi kavu, anahesabu mablanketi. Familia hizi mbili zilikuwa zimesherehekea Krismasi pamoja miaka mingi, lakini tangu siku ile hata kadi haikuja.

Hester alivaa kofia yake ya buluu, akamwambia Karmena, mtumishi wao, kwamba anakwenda kutafuta uzi wa kufumia, na akaenda Sliema kwa kina Rudge.

Pamela, mke wa Rudge, ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama Hester toka kofia mpaka viatu.

"Loo! Leo jua limetokea wapi?"

"Habari za siku nyingi, Pamela."

"Nyingi kweli. Tumezeeka. Umekuja kuaga, au kuna meli nyingine imebaki mnataka kuivunja? Ninayo sufuria moja jikoni, kama itafaa."

"Nimekuja kuzungumza na Denzil."

"Yuko uani na nyanya zake. Usiogope, sisi hatuzitupi."

Rudge alikuwa amechuchumaa kati ya miche, mikono ya shati imekunjwa, mtu mpana mwenye shingo nyekundu. Alipomwona Hester alisimama na kujipangusa udongo, lakini hakumwita kwa jina lake kama zamani.

"Bibi Tresidder."

"Denzil, tusifanyiane hivyo. Nilimshika mwanao siku ya ubatizo akanitapikia gauni."

"Karibu, Bibi Tresidder. Nikusaidie nini?"

Njia nzima alikuwa amejipangia maneno. Angeanza na mambo ya zamani, angetaja afya ya Everard, angelizungukia jambo mpaka Rudge mwenyewe alitaje. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Nenda kwenye mashua keshokutwa. Nakuomba. Usipokwenda hakuna atakayekwenda, na atakufa nayo, Denzil. Hatasema neno, lakini atakufa nayo."

Rudge alitazama mkebe wa maji aliokuwa ameushika, akauweka chini.

"Umesema nini?"

"Nakuomba."

"Unaniomba." Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu. "Umeishi na wanamaji miaka thelathini na ushee, halafu unaingia uani kwangu na kofia kichwani, unaniomba mashua?"

"Nifanyeje? Nikae nisubiri?"

"Ndiyo! Ndivyo inavyofanywa! Unakaa, unasubiri!" Alipunguza sauti kwa shida. "Yeye anajua umekuja?"

"Hajui. Anadhani nimekwenda kununua uzi."

"Basi nenda kanunue uzi." Akaokota mkebe wake. "Na asijue. Mungu wangu, mama, angalau hilo. Asijue kabisa."

Akampa mgongo, akarudi kwenye miche yake. Pamela, aliyekuwa amesikia kila kitu kwenye dirisha la jikoni, alimsindikiza Hester mlangoni bila kejeli safari hii, na hilo lilimtia hofu kuliko kejeli.

"Ungekuja kwangu kwanza," alisema Pamela. "Ningekwambia usimguse."

Njiani kurudi, Hester aliliona kosa lake lote, toka kichwa mpaka mkia. Rudge asipokuja, yeye ndiye atakayekuwa amemzuia, kwa kuwa mwanamume mwenye kiburi hawezi kufanya kwa kuombwa jambo ambalo pengine angelifanya mwenyewe. Na akija, atakuwa amekuja kwa ajili ya machozi ya mwanamke mwenye kofia. Alikwenda kutafuta heshima kwa mumewe, na akaiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Alinunua uzi, wa rangi asiyoipenda, ili uongo wake uwe na ushahidi.

Siku iliyofuata haikuwa na huruma. Masanduku yalijaa ukumbini. Kila simu ilipolia Hester alishtuka, akidhani ni Peake anakuja kusema kitu, au ni kapteni mmoja ametaniwa klabuni kuhusu mke wa Admirali anayezunguka milango ya watu. Mji mdogo, midomo mingi. Alijaribu kula akashindwa. Karmena alimtazama akirudisha sahani.

"Sinyora, kula. Hata aliyehukumiwa kunyongwa hupewa chakula."

"Nani amehukumiwa?"

"Sijui. Lakini nyumba nzima inanuka hukumu."

Jioni Everard alikaa barazani, bandari yote chini yake, maboya mengi yakiwa matupu mahali ambapo zamani manowari zilipangana mpaka mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Hester alileta vikombe viwili vya chai akakaa karibu naye. Alitaka kukiri. Alikuwa amefungua mdomo.

"Hawatakuja," alisema Everard, bila kugeuka. "Nimekubali. Ningekuwa mimi ni Rudge, nisingekuja."

"Huwezi kujua."

"Nilipaswa kumwita, Hester. Nilipaswa kumkalisha kwenye kiti na kumwambia usoni, nimeichagua *Lanyon*. Nilishindwa. Mimi niliyeingia kwenye ule ukungu, nikamwogopa Denzil Rudge." Alikunywa chai kidogo. "Unajua kitu gani ningekichukia kuliko motaboti?"

Hester alitikisa kichwa.

"Waje kwa kunihurumia. Mtu fulani aende akawasemeshe, maskini mzee, mfanyieni. Heri niogelee mpaka gatini na nishani zangu."

"Nani atafanya hivyo?" alisema Hester.

"Peake. Ana moyo laini. Nimemkataza."

Hester alikunywa chai yake yote kwa mkupuo, ikamuunguza ulimi, akashukuru kwa maumivu yale kwa sababu yalimpa kisingizio cha macho kulengwalengwa na machozi.

Asubuhi ya kuondoka upepo ulikuwa mdogo na jua kali. Everard alikwenda mapema kwenye manowari kuu kukagua gwaride la mwisho. Hester, kwa mujibu wa ratiba, alisubiri gatini, kwenye ngazi za mawe karibu na Forodha. Karmena alikuwa kando yake ameshika mkoba na mwavuli. Pamela Rudge alikuwepo pia, mbali kidogo na wake wengine wa maofisa, amevaa miwani ya jua, na hakutoa ishara yoyote. Juu kwenye kuta za mji watu walikuwa wamejazana. Wengi walikuwa wafanyakazi wa gudi, na Hester hakujua kama wamekuja kuaga au kuzomea.

Mizinga ililia. Njiwa wakaruka kwenye mapaa. Kisha, kutoka nyuma ya manowari kuu, ikasikika injini.

Motaboti ilijitokeza ikija moja kwa moja gatini, safi, inang'aa, inapasua maji. Hester akashika mkono wa Karmena. Kwa hiyo injini iliwashwa kabla, aliwaza. Atakuwa ameisikia akiwa bado sitahani, anaagana na watu. Atakuwa ameisikia. Alilazimisha uso wake utabasamu, kwa sababu mumewe akifika na kumkuta analia, ndipo kila kitu kitakapokuwa kimekwisha kweli.

Motaboti ikafika. Ndani yake alikuwemo Peake, na masanduku mawili, na sanduku la kofia.

"Mizigo, Bibi," alisema Peake, akiruka ngazini.

"Mizigo tu?"

"Mizigo tu."

"Peake, nitakuua. Admirali yuko wapi?"

Peake alivuta kola. Hakuruhusiwa kusema, na alikuwa amejaa kitu mpaka masikioni, lakini Hester hakuweza kusoma usoni pake kama ni furaha au ni msiba. "Anakuja, Bibi," alisema tu.

Na hapo mashua ikatokeza kwenye pua ya manowari.

Ilikuwa mbali bado, nyeupe kwa ile rangi yake mpya. Kwenye tezi aliketi mtu mmoja wima, kofia yenye nakshi za dhahabu kichwani, ameshika kamba za usukani: huyo ni Everard. Wapigaji makasia walikuwa wengi, safu mbili zilizojaa. Lakini mpiga makasia hukaa ameipa kisogo nchi anakokwenda, na Hester aliona migongo tu. Migongo ya makoti ya buluu na kofia nyeupe. Ingeweza kuwa ya kapteni, na ingeweza kuwa ya baharia yeyote aliyeamriwa aje kuziba aibu. Hilo nalo liliwahi kutokea, na lilikuwa baya kuliko motaboti. Alikodoa macho atafute mistari ya dhahabu ya cheo kwenye mikono ya makoti, na jua likamchoma akaona maji tu.

"Karmena, wewe una macho mazuri. Ni akina nani?"

Karmena aliweka kiganja juu ya nyusi. Alizaliwa kando ya bandari ile; baba yake na kaka zake wote walikuwa watu wa makasia. Alitazama kitambo, akakunja uso.

"Sinyora, sijui ni akina nani, lakini wamelewa."

"Nini?"

"Tazama! Yule kasia lake limezama, anapigana nalo. Na yule wa mbele anapiga hewa. Toba! Mashua inakwenda kama kaa. Mabaharia gani hawa? Babu yangu mwenye mguu mmoja angewashinda!"

Juu ya kuta watu walianza kucheka. Kasia moja liligongana na jirani yake kwa kishindo kilichosikika mpaka gatini, kofia ikaanguka majini, na mtu mwenye upara akainama kuidaka akaikosa. Ilikuwa aibu kuitazama. Baharia yeyote wa miezi sita angefungiwa kwa upigaji kama ule.

Hester ndipo akaanza kulia. Alilia wazi wazi, mbele ya wake wa maofisa, kwa sababu hakuna mtu duniani anayepiga makasia vibaya namna ile isipokuwa watu ambao kwa miaka ishirini wamekuwa wakipigiwa na wengine.

"Sio walevi, Karmena," alisema. "Ni makapteni. Ni makapteni wote!"

"Basi Mungu awalinde Waingereza," alisema Karmena, na akampa kitambaa.

Mashua ilijigonga ngazini vibaya mno. Vicheko vya juu ya ukuta viligeuka kuwa makofi, kwanza machache, kisha mengi. Watu wa gudi hawakuwa wamesamehe lolote, lakini walijua jasho wanapoliona. Makapteni walikaa wakihema, nyuso nyekundu, makoti yamelowa mgongoni. Everard alisimama. Mbele yake, magoti karibu yagusane na yake, kwenye kasia la kiongozi, alikuwa Denzil Rudge.

Admirali hakutoa hotuba. Alinyoosha mkono wake wenye glavu nyeupe, na Rudge akaushika. Walishikana hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya watu hawa, na Hester akaona midomo ya mumewe ikitamka maneno machache ambayo hakuyasikia. Rudge akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha Everard akapanda ngazi, akaanza kuwapa mkono wakubwa wa serikali waliopangwa pale juu.

Rudge alishuka mashuani wa mwisho. Alipompita Hester alisimama, akavua kofia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka malengelenge, damu imemchirizika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Denzil," alisema Hester. "Asante. Sijui niseme nini. Najua umefanya kwa ajili yangu..."

"Nilikuwa nimeshaamua kuja," alisema Rudge kwa sauti ya chini. "Muulize Pamela. Tangu siku ilipotangazwa kwamba anaondoka. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wote. Nilitaka nikae pale mbele yake, nimtazame usoni, nimwambie: umeniulia meli yangu, na nimekuja, na hakuna aliyeniambia nije. Niliyarudia maneno hayo kila siku nikimwagilia nyanya."

Akavitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Halafu ukaja wewe. Leo nimekaa mbele yake safari nzima, na sikuweza kuyasema. Yangekuwa uongo. Aliniambia samahani, Hester. Nami sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kuitikia kwa kichwa." Akavaa kofia yake taratibu kwa vidole vilivyouma. "Basi. Yamekwisha. Msafiri salama."

Akaenda kwa mkewe. Pamela akamshika mikono, akaigeuza, akaanza kumfokea kwa kutovaa glavu.

Garini, Everard alitazama dirishani mpaka walipoiacha Valletta nyuma. Hester alikaa na mkoba mapajani, ndani yake ule uzi wa rangi mbaya ambao hakujua kwa nini ameubeba.

"Umewaona?" alisema Everard mwishowe.

"Nimewaona."

"Wamepiga vibaya, eh?"

"Vibaya sana."

Akacheka, kicheko ambacho Hester hakukisikia tangu kabla ya Suez, na kikaishia kwenye kitu kisichokuwa kicheko. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya goti. Kwenye kiganja cha glavu nyeupe kulikuwa na doa jekundu, mahali ambapo kiganja cha Rudge kiliishika.

"Vua, nitailoweka tukifika," alisema Hester.

"Hapana. Hii haifuliwi." Alifumba vidole juu ya doa lile, polepole. "Hakuna aliyewaambia waje, Hester. Unaelewa? Hakuna hata mmoja."

Hester alielewa. Alimshika ule mkono wenye glavu kwa mikono yake yote miwili, akageuza uso upande wa pili, kwenye kuta za mawe za mashamba zilizokuwa zikipita dirishani.

"Hakuna," alisema.